Maneno Yanayorukwa Kwenye Kibanda cha Gemu

Jumamosi alasiri Omurushaka, wilayani Karagwe, huwa na kelele za namna mbili. Ya kwanza ni ya bodaboda wanaogombea abiria wa Nkwenda, Isingiro na Murongo. Ya pili hutoka uchochoroni nyuma ya maduka, kwenye chumba cha mabati chenye pazia la khanga mlangoni. Humo ndani mna televisheni tatu, mabenchi mawili na watoto wengi kuliko nafasi ya kukaa. Aliyefungwa anaachia padi. Aliyeshinda anabaki. Anayesubiri zamu yake hufundisha kwa sauti kubwa kuliko anayecheza.

Nilikaa humo karibu saa mbili. Televisheni mbili zilikuwa na mpira. Ya tatu ilikuwa na GTA San Andreas, gemu iliyotoka Oktoba 2004, kabla ya wengi wa wachezaji wale kuzaliwa. Kila mhusika alipofungua kinywa kueleza jambo, kidole cha mchezaji kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha eksi. Maneno yanakatika, alama inatokea kwenye ramani, safari inaendelea. Aliyechelewa kubonyeza alizomewa na benchi zima: ruka hiyo, tunapoteza muda! Wala siwalaumu. Mazungumzo yale ni Kiingereza cha mitaa ya Marekani, kinakwenda mbio, na mwenye kibanda anahesabu dakika.

Nilitoka pale na swali ambalo limenifuata hadi leo. Ndani ya gemu hizi wamo wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wale wanaopenda wote wawili. Wamo kwa miaka mingi sasa, na wanaongezeka. Mtoto wa Karagwe au Kyerwa anayeruka maneno yote anabaki na nini juu ya watu hao?

Anabaki na mwili. Anabaki na mwendo, nguo, mikono inavyorushwa, na kicheko cha benchi. Basi.

San Andreas ina mji uitwao San Fierro, ulioigwa kutoka San Francisco, na ndani yake mtaa wa Queens ulioigwa kutoka Castro, mtaa wa San Francisco unaojulikana duniani kote kuwa makazi ya mashoga. Wapita njia wa mtaa huo hawana jina wala kisa. Kazi yao ni kupita wakiwa wamevaa nguo za kuchekesha, wakitembea kwa madaha yaliyotiwa chumvi, ili mchezaji acheke, awapige ngumi au awagonge kwa gari. Hapo huhitaji Kiingereza. Utani wa namna hii unavuka bahari bila mkalimani.

Nilikuwa sekondari gemu hii ilipofika kwetu. Mwenzetu mmoja wa bweni, mpole, mwenye sauti nyembamba, alianza kuigiziwa ule mwendo kila alipopita kwenda kuchota maji. Hatukuwa tumesoma popote kwamba mwendo ule ni wa kuchekwa. Tulikuwa tumeuona kwenye skrini. Nami niliuiga, tena vizuri kuliko wengi, na wenzangu walinipigia makofi. Muhula uliofuata hakurudi. Sijui kama ndivyo alivyokuwa, na hata kujua si haki yangu. Ninachokijua ni kwamba tulimpa jina, na jina hilo lilitoka kwenye gemu.

Sasa tazama jinsi mtaa ule ule wa Castro ulivyoingia kwenye gemu nyingine ya awali. Mwaka 1989, miaka 15 kabla ya San Andreas, mwanamke wa California aitwaye C.M. Ralph alitengeneza gemu ya kompyuta iitwayo Caper in the Castro. Mhusika mkuu ni mpelelezi mwanamke anayependa wanawake, anayemsaka rafiki yake aliyetekwa. Hakuna anayemcheka. Ana akili, ana rafiki, ana kazi ya kufanya. Wanaochunguza historia ya gemu huitaja kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuwaweka watu wa namna hii katikati ya hadithi. Ralph hakuiuza. Aliigawa bure kupitia kompyuta zilizounganishwa kwa simu, akawaomba waliofurahia watoe mchango kwa shirika lolote linalosaidia wagonjwa wa ukimwi.

Mtu wa Kagera akisoma hapo lazima asimame kidogo. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa nchini Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Castro na Kagera zilizika watu wao katika miaka ile ile, kwa gonjwa lile lile, bila kujuana. Kule waliambiwa ni laana ya mashoga. Huku tuliliita gonjwa lile Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa jina la nguo lilikuwa rahisi kutamka kuliko ukweli. Wazee wa Karagwe wanaokumbuka miaka ile wanajua mtu hupungukiwa na nini pale jirani anapoanza kumnong'ona badala ya kumjulia hali.

Gemu ya Ralph haikutufikia. Iliyotufikia ni ya 2004, na kutoka mtaa ule ilikuwa imechukua kicheko peke yake.

Kabla ya hapo, na hata kwa muda baadaye, mashoga kwenye gemu nyingi walipewa sehemu tatu tu za kucheza: kichekesho, adui, au maiti. Gemu ya ngumi ya Kijapani iitwayo Bare Knuckle III, ya mwaka 1994, ilikuwa na bosi aitwaye Ash, amevaa nusu uchi, anakimbia kwa madaha na kucheka kama kinanda kibovu. Ilipopelekwa kuuzwa Marekani na Ulaya kwa jina la Streets of Rage 3, Ash aliondolewa. Waliomtoa hawakuweka mwingine wa heshima mahali pake, na hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya miaka ile. Ama uchekwe ama usiwepo.

Mlango ulifunguka kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Maxis ilikuwa inatengeneza The Sims, gemu ya kuendesha maisha ya watu wa kawaida: kupika, kufanya kazi, kugombana, kuoa. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba mapenzi yatakuwa ya mwanamume na mwanamke tu. Kijana mmoja mpya, Patrick Barrett, alipewa kazi ya kuandika mfumo wa mahusiano, lakini akakabidhiwa hati ya zamani iliyoruhusu yeyote kumpenda yeyote. Akaandika alivyokuta. Mwaka 1999, kwenye maonesho makubwa ya gemu huko Los Angeles, walionesha harusi iliyojaa wageni. Wageni wawili, wanawake, wakabusiana mbele ya waandishi wa habari bila mtu kuwaamuru. Gemu ilitoka mwaka 2000 ikiwa hivyo hivyo, na ikawa miongoni mwa gemu za kompyuta zilizouzwa zaidi duniani. Kosa la karatasi lilithibitisha kwamba wanunuzi hawakuwa wamekasirika kama wakubwa walivyodhani.

Tangu hapo mambo yamesogea, japo si kwa mwendo mmoja. Hata waliotengeneza San Andreas walibadilika. Katika GTA IV ya mwaka 2008, mhusika mkuu Niko anamtafuta rafiki yake wa vitani, Florian, ambaye anadhani ndiye aliyewasaliti wenzao. Anapompata anakuta anaitwa Bernie, ana mpenzi wa kiume, na hana hatia. Niko anashangaa, kisha anamlinda dhidi ya wanaomwandama. Askari mwenzangu ni askari mwenzangu. Lakini yote hayo yamo kwenye mazungumzo. Bonyeza eksi, Bernie anabaki mtu mwenye sauti nyembamba aliyevaa nguo za mazoezi, na tumerudi San Fierro.

Hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya yote. Dhihaka imewekwa kwenye picha. Utu umewekwa kwenye maneno. Na sisi, kwa sababu za lugha na za mfukoni, ni watu wa picha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kung Jin. Mortal Kombat inajulikana vibandani kote, ile ya kung'oana uti wa mgongo. Katika Mortal Kombat X ya mwaka 2015 yumo kijana mpiga upinde huyu, wa ukoo wa Kung Lao. Ni mwepesi, ni hodari, na vijana humchagua wakitaka kushinda kwa mbali. Katikati ya hadithi kuna kipande kifupi: Jin anaambiwa ajiunge na watawa wa Shaolin, anasita, anaona hawatamkubali. Raiden, mungu wa radi, anamjibu kwamba wao wanajali kilichomo moyoni mwake, na si nani ambaye moyo huo unamtamani. Watengenezaji walithibitisha baadaye kwamba maana ni hiyo unayoidhani. Kwa hiyo wako vijana wa Kayanga na Nkwenda waliokwisha kushinda mapambano wakiwa Kung Jin, wakamshangilia, wakagombea kumshika, bila kujua kwamba ni yule ambaye nje ya kibanda wangemzomea. Nimewaza mara nyingi ni sura gani wangefanya mtu akiwaeleza. Naamini baadhi yao wangeendelea kumchagua.

Wapo pia Bill na Frank. Katika The Last of Us ya mwaka 2013, dunia imeangamizwa na ugonjwa wa kuvu, na Bill anaishi peke yake katika mji mtupu aliouzungushia mitego. Ni mkali, mchoyo, mwenye matusi. Alikuwa na mwenzake, Frank. Tunamkuta Frank amejinyonga, na barua aliyoacha inasema jinsi alivyomchukia Bill. Ndiyo ile sehemu ya maiti niliyoitaja, ingawa imeandikwa kwa ustadi. Miaka 10 baadaye hadithi ile ikageuzwa kuwa tamthilia ya televisheni, na mwandishi wa gemu, Neil Druckmann, alikuwa mmoja wa waliosimamia. Sehemu ya tatu, iliyorushwa Januari 29, 2023, iliwarudisha Bill na Frank. Safari hii wanaishi pamoja miaka mingi ndani ya uzio wao. Wanagombana kuhusu rangi ya nyumba, wanapanda matunda, mmoja anaugua na mwingine anamuuguza, wanakufa siku moja wakiwa wazee. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza mapenzi yao yalikuwa ya kuelezea kwa nini mtu amekuwa mchungu, na safari ya pili yakawa mapenzi.

Ellie, msichana anayebeba hadithi yote hiyo, tuliambiwa mwaka 2014 kwamba anapenda wasichana, katika kipande cha nyongeza ambamo anambusu rafiki yake Riley. Gemu ya pili, ya Juni 2020, inamwonesha akiishi na Dina shambani, wanafuga kondoo na kulea mtoto. Iliuza nakala zaidi ya milioni 4 katika siku zake tatu za kwanza. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu hazikuiruhusu.

Kati ya wote hao, anayenigusa zaidi ni Dorian, wa Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014, aliyeandikwa na David Gaider. Dorian ni mtoto wa familia kubwa ya wachawi. Baba yake alimfundisha tangu utotoni kwamba uchawi wa damu ni kimbilio la wanyonge, mtu wa heshima haugusi. Baba huyo huyo alipogundua kwamba mwanawe hatamwoa msichana aliyechaguliwa na ukoo, aliandaa uchawi wa damu ili ambadilishe. Dorian akakimbia. Wanakutana baadaye kwenye kilabu cha pombe, baba amekuja amejificha, na mchezaji anaamua kama mtoto aondoke au asikilize. Chozi la Dorian halitokani na kupenda wanaume. Linatokana na baba aliyevunja fundisho lake mwenyewe kwa ajili ya kumrekebisha. Nani kati yetu hajasikia la mtoto aliyepelekwa kwa mganga, kisha kwenye maombi, kisha kwa mganga mwingine, kwa sababu hataki kuoa? Gaider hajawahi kuandika juu ya Karagwe. Hata hivyo, ukiondoa fimbo za moto na majumba ya mawe, kikao kile ningeweza kukiweka kwenye kibaraza chenye migomba pembeni na wazee wa ukoo wakisubiri ndani.

Suala la ukoo lilizua ugomvi mwingine. Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018 ilimruhusu mchezaji kumpenda amtakaye katika Ugiriki ya kale. Wengi walicheza kama Kassandra na kuchagua wanawake safari nzima. Januari 2019 ikatoka nyongeza iliyomlazimisha aishi na mwanamume na kuzaa, ili damu ya ukoo isikatike. Wachezaji walilalamika duniani kote, kampuni ya Ubisoft ikaomba radhi na kurekebisha. Mwanamke yeyote wa kwetu aliyewahi kuulizwa kwenye kila harusi na kila msiba kwamba atazaa lini, anaelewa walikasirikia nini.

Sasa nifike mahali ambapo wasomaji wengine wananisubiri. Tanzania ina sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la ngono kati ya wanaume kwa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Maaskofu wa KKKT, kanisa la Kilutheri lenye waumini wengi Karagwe, walitoa Tamko la Dodoma mwaka 2010 wakikataa ndoa za jinsia moja baada ya baadhi ya makanisa rafiki ya Ulaya na Marekani kuzikubali. Misikiti na Kanisa Katoliki nao msimamo wao unajulikana. Sikuja kuficha hayo.

Ila mtu wa Kyerwa ana jambo ambalo mtu wa Dodoma hana. Ukisimama kilimani upande wa Murongo, Uganda iko mbele yako na Rwanda haiko mbali upande wa kushoto, Mto Kagera ukipita kati. Uganda ilipitisha sheria mpya mwaka 2023 yenye kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa inayoyaita mazito zaidi. Rwanda haina sheria inayofanya tendo hilo kuwa kosa. Maji ni yale yale, migomba ni ile ile, lugha zinasikilizana, watu wameoana kuvuka mto kwa vizazi. Mtu yule yule, kwa mwendo wa siku moja, anaweza kuwa mkosaji wa maisha, mkosaji wa miaka 30, au raia asiye na kosa. Hakubadilika yeye. Umebadilika ukingo wa mto. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba suala hili lilikwisha kuamuliwa zamani na kwa namna moja, mimi ninayeyatazama maji yale nashindwa kukubali.

Wapo wanaosema gemu hizi ndizo zinaleta tabia ngeni, dawa ni kuzipiga marufuku. Februari 2023 Wizara ya Elimu, chini ya Profesa Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili. Urusi ilikuwa imekwenda mbali zaidi: mwishoni mwa mwaka 2016 wabunge wake waliilalamikia gemu ya mpira FIFA 17, kwa kuwa ilitoa jezi ya rangi za upinde wa mvua kuunga mkono wachezaji mashoga. Jezi! Lakini hebu tufuate hoja hiyo hadi mwisho wake. Kitabu unaweza kukiondoa kwenye rafu. Gemu ya kibandani imenakiliwa mara elfu, haina msambazaji wa kuitiwa ofisini, na leo San Andreas nzima inaingia kwenye simu. Tena, kama kweli tungechuja, tungeanza na lipi? Anayechekwa na kugongwa na gari mtaani San Fierro amekaa vibandani mwetu miaka 20 bila mzazi, mchungaji wala shehe kulalamika. Malalamiko huanza pale mtu wa namna hiyo anapopewa jina, nyumba na mtu wa kumpenda. Hapo tuwe wakweli kwa nafsi zetu. Kumbe tatizo halikuwa kuwapo kwake. Lilikuwa kuwapo kwake kama mtu.

Wala tusidhani gemu zimejaa watu hawa. Shirika la GLAAD la Marekani lilitoa ripoti Februari 2024: katika wachezaji wa nchi hiyo, asilimia 17 walijitambulisha kuwa mashoga, wapenda jinsia zote au wa makundi yanayofanana na hayo, ilhali gemu zenye wahusika au visa vyao hazikufika asilimia 2 ya zilizokuwa sokoni. Kwetu hakuna anayehesabu. Lakini kwenye benchi lenye watoto 15, sheria za uwezekano haziishii mpakani Mutukula. Yupo anayecheka na wenzake huku anaomba asitazamwe.

Lugha yenyewe inatudai kitu. Mwambao, mwanamke humwita rafiki yake wa kike shoga, kwa upendo kabisa: shoga yangu, karibu. Neno hilo la urafiki ndilo tuliloligeuza kuwa tusi la uwanjani, tusi la bwenini, tusi la kwenye padi mtu akikosa penalti. Mengine tuliyonayo ni makali zaidi, siyaandiki hapa. Mwandishi anayetaka kusema kwa heshima anabaki na maneno marefu ya ofisini, ya jinsia moja na jinsia mbili, ambayo hakuna mtoto anayeyatamka. Kizazi kinachokosa neno la kawaida la kumtaja jirani yake kitatumia lile lililopo.

Ndiyo maana naona kazi kubwa hapa ni ya mkalimani. Nchi hii ilipata kuwa na wakalimani hodari. Kabla ya simu za mkononi kuenea, filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zilitafsiriwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, aliyekaa juu ya sauti ya filamu na kueleza kila kitu, akiongeza chumvi na pilipili yake. Kwenye vibanda umiza watu walimfuata mtafsiri kuliko filamu. Upande wa pili wa mpaka kazi hiyo bado inafanywa kwa Kiganda hadi leo. Mtafsiri yule alikuwa na mamlaka makubwa: aliweza kumgeuza mtu kuwa kichekesho, na aliweza kulinyamazisha benchi zima mtu akilia. Gemu hazijawahi kupata Lufufu wao.

Kwamba inawezekana, tumekwisha kuona. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Aliitengeneza akiomboleza kifo cha baba yake, juu ya kijana mganga anayetaka kumrudisha baba yake kutoka kuzimu, kwa masimulizi ya watu wa Kibantu. Ukitaka, wahusika wote wanazungumza Kiswahili. Haina kisa cha mashoga, na sikuitaja kwa ajili hiyo. Niliijaribu kwa kijana wa jirani yangu, darasa la saba, mchezaji hodari wa eksi. Zau alipoanza kuongea juu ya baba yake aliyekufa, kidole kilisimama. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, mwalimu, kwani baba yake alikufa kwa nini?

Hilo ndilo swali ambalo miaka 20 ya San Andreas haikuwahi kumfanya aulize juu ya mtu yeyote.

Kwa hiyo nawageukia wachache. Vijana wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi mnaojifunza kutengeneza gemu: mtakapoandika mtu wa namna hii, na siku moja mtaandika, msimwige yule wa Queens. Mpeni jina, kazi na mama. Nyinyi wenye vibanda: hamhitaji kuhubiri, lakini mnaweza kumnyamazisha anayemwigiza mwenzake mwendo, kama mnavyomnyamazisha anayetukana mama wa mtu. Walimu wenzangu, hasa wa mabweni: mtoto anayepewa jina la utani kila siku hatazoea. Mtazameni kabla hajafungasha begi.

Na wewe mzazi wa Kayanga, Nkwenda au Kaisho, usimchape mtoto kwa kukutwa kibandani. Ingia, lipia zamu moja, kaa kwenye benchi. Mhusika akianza kuongea, mwambie aondoe kidole kwenye eksi, umtafsirie anachosema.